Kuchagua toyhola la fifthwili na pikapu ya kulivuta: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, swali ni lile lile: "Nimeshanunua pikapu, inavuta paundi 20,000. Nichukue trela gani?" Anayeuliza hivyo ameanza na mwisho. Hiyo 20,000 ni namba ya kuvuta. Trela la fifthwili halivutwi tu, linabebwa pia, kwa sababu pua yake imekaa juu ya bodi ya pikapu, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo. Karibu kila anayekwama hukwama kwenye kubeba, huku uwezo wa kuvuta ukiwa bado tele.

Toyhola ni trela la kuishi ambalo sehemu yake ya nyuma ni gereji, na mlango wake hushuka ukawa rampu ya kupandishia pikipiki au bagi (gari dogo la wazi la kuendeshea mchangani). Mwongozo huu ni wa walio Marekani na Kanada, ambako matrela haya hutengenezwa na kutumika. Mpangilio wake ni mizigo kwanza, trela pili, pikapu mwisho.

Neno kwa wenye leseni ya semi, maana ni wengi: kurudi nyuma, kona pana na kingpini (pini ya chuma chini ya pua ya trela) mnavijua tayari. Kinachowaponza ni mazoea. Kichwa cha semi kimejengwa kubebeshwa pua ya trela. Pikapu ni gari la familia lililoimarishwa, na hufika kikomo chake mapema sana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya futi 25 au zaidi.
- Daftari na kalkuleta ya simu.
- Tochi kali.
- Geji ya upepo inayosoma zaidi ya psi 110. Geji nyingi za magari madogo haziwezi kupima matairi haya.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ya kukazia nati za magurudumu.
- Picha ya stika ya pikapu iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ya stika ya trela iliyo ubavuni, upande wa dereva karibu na pua.
- Pesa ya kupima mara tatu kwenye mizani ya CAT. Mizani hizo ziko kwenye vituo vingi vya malori, na kurudia kipimo ndani ya saa 24 hulipiwa bei ndogo.

Vifupisho vitatu utakutana navyo kila mahali. GVWR ni uzito wa juu ambao gari au trela lenyewe linaruhusiwa kufikia, na kila kilichomo. GAWR ni kikomo cha ekseli. GCWR ni kikomo cha pikapu na trela kwa pamoja.

## Hatua ya 1: Andika mizigo yako kwa paundi

Usikadirie kwa macho. Tafuta uzito wa kila chombo kwenye kitabu chake, kisha ongeza mafuta na vifaa ulivyofunga baadaye, kama winchi, tairi la akiba au spika.

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni wa familia ya watu watano:

- Bagi la viti vinne: 1,900
- Pikipiki mbili za vumbi: 500
- Petroli galoni 30 kwenye tangi la trela (galoni moja ina takriban paundi 6.1): 183
- Maji safi galoni 100 (galoni moja ni paundi 8.34): 834
- Gesi, mitungi miwili ya paundi 30: 60
- Vyombo, chakula, nguo, zana, viti, jiko la kuchomea nyama: 1,000

Jumla: paundi 4,477.

Maji ndiyo husahaulika kuliko vyote. Matoyhola hubeba maji mengi makusudi, kwa kuwa huenda jangwani kusiko na bomba. Anayekwenda kwenye matuta ya mchanga ya Glamis, California, huondoka nyumbani na tangi limejaa. Anayekwenda kambi zenye mabomba anaweza kusafiri na robo tangi. Piga hesabu ya safari unazofanya kweli.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye jumla moja, na kila mstari una namba.

## Hatua ya 2: Pima gereji, usisome tangazo

Tangazo litasema "gereji ya futi 13". Urefu huo mara nyingi hupimwa sakafuni, ukuta hadi mlango, bila kuhesabu kabati, ngazi wala kochi lililokunjwa ukutani. Ingia na tepu upime mambo manne:

1. Urefu halisi kutoka kizuizi cha kwanza hadi mlango ukiwa umefungwa. Bagi la viti vinne hupita futi 12, na mengine hukaribia 14. Bakisha angalau inchi 6 za kufungia mikanda.
2. Upana kwenye sehemu nyembamba kuliko zote, siyo mlangoni. Mabagi ya kisasa yana upana wa inchi 64 hadi 72, na lazima upate njia ya kutokea baada ya kuliegesha. Wapo walioingiza bagi lao wakalazimika kutokea dirishani.
3. Kimo chini ya kitanda cha gereji kikiwa kimepandishwa hadi juu. Paa la bagi ndilo hugonga.
4. Pembe ya rampu. Pikipiki ndefu za barabarani hukwama tumbo pale rampu inapokutana na sakafu.

Kisha soma stika ya rampu na ya pete za kufungia zilizo sakafuni, kwani kila moja ina kikomo chake. Rampu yenye kikomo cha paundi 2,500 inalitosha bagi letu la 1,900 likipanda peke yake na dereva wake. Ukiegesha vyombo viwili juu yake kwa pamoja, bawaba zinaanza kupinda.

Onyo: usikubali kuambiwa "litaingia tu". Njoo na bagi lenyewe, au chora umbo lake sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

## Hatua ya 3: Chagua trela kwa nafasi yake ya mzigo

Chukua GVWR ya trela, toa uzito wake likiwa tupu. Kinachobaki ndiyo nafasi ya mzigo. Uzito mtupu wa kuaminika ni ule wa stika ya trela hilo hilo, kwa sababu jenereta, kiyoyozi cha pili na betri za ziada zinaweza kuwa zimeongezwa baada ya katalogi kuchapishwa.

Mfano wetu: trela lenye GVWR 18,500 na uzito mtupu 13,500 lina nafasi ya 5,000. Mizigo yetu ni 4,477, kwa hiyo inabaki 523. Inatosha, lakini haitoshi kuongeza pikipiki ya tatu pamoja na kuni.

Tahadhari na matrela yanayong'aa ndani. Marumaru, sinki la mawe, slaidi tatu (sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kupanua chumba trela likisimama), bafu la pili: vyote vina uzito, na vyote hula nafasi ya mzigo. Toyhola la kifahari linaweza kuwa na nafasi ndogo kuliko lile la kawaida la urefu uleule. Mimi ningechukua la slaidi moja na nafasi ya 5,000 kabla ya la slaidi tatu na nafasi ya 3,000, hata kama mwenzangu nyumbani angenuna wiki nzima.

Ukihitaji viyoyozi viwili vifanye kazi kwa pamoja, trela liwe na umeme wa ampea 50. Lenye ampea 30 litakuwa linakata fyuzi kila mchana wa joto.

Umefaulu ikiwa nafasi ya mzigo inazidi jumla ya hatua ya 1 kwa paundi 500 au zaidi.

## Hatua ya 4: Kokotoa uzito wa pini

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tuende taratibu.

Uzito wa pini ni sehemu ya trela inayokaa juu ya pikapu kupitia kingpini. Kwa fifthwili za kawaida huwa kati ya 15% na 25% ya uzito wa trela. Toyhola huegemea upande wa juu, na sababu iko kwenye ubunifu wake. Mtengenezaji anajua utaweka tani nzima nyuma ya ekseli, hivyo husogeza ekseli nyuma. Gereji ikiwa tupu, mbele kunakuwa kuzito. Ukipakia bagi nyuma, trela linafanya kama pembea: mkia unashuka, pua inapungua uzito.

Matokeo yake ni kinyume na mtu anavyotarajia. Pikapu hubebeshwa zaidi gereji ikiwa tupu. Ile siku unayoondoka kwa muuzaji na trela jipya halina kitu ndani, au wiki mnayokwenda kambi bila bagi lakini mmejaza maji, springi za nyuma zinaweza kuwa zinateseka kuliko safari ya mchanga.

Kwa kuchagua pikapu, kokotoa hivi: GVWR ya trela mara 0.25. Mfano wetu: 18,500 × 0.25 = 4,625. Ni namba ya kujikinga, na mizani ya mwisho huenda ikaonyesha pungufu. Usitumie uzito wa pini ulioandikwa kwenye katalogi. Ule hupimwa trela likiwa halina maji, na mara nyingi halina hata betri wala mitungi ya gesi, ambavyo vyote hukaa mbele.

Uliza pia tangi la maji safi liko wapi. Likiwa mbele ya ekseli, kulijaza kunaongeza pini. Likiwa nyuma yake, kunapunguza.

Onyo la upande wa pili: pini ikishuka chini ya 15%, trela huanza kuyumba na pikapu hukosa mshiko nyuma. Hutokea mtu akijaza gereji mpaka mlangoni, kisha akaweka jenereta la ziada na madumu ya mafuta kwenye kona ya mwisho.

## Hatua ya 5: Chagua pikapu kwa uwezo wa kubeba

Fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu kuna stika ya njano na nyeupe inayotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo ambao haupaswi kuzidi. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo, na chaguo zake zote zimeshatolewa. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa paundi mamia kwa sababu moja ina dizeli, paa la kioo na 4x4.

Sasa jumlisha vitakavyokaa kwenye pikapu:

- Pini: 4,625
- Kiungio cha fifthwili: 200
- Watu watano, dereva akiwemo: 650
- Mizigo ndani ya kabini na bodi: 150

Jumla: 5,625. Stika lazima isome namba hiyo au zaidi.

Pikapu ya daraja la 2500 au F-250 yenye dizeli mara nyingi husoma kati ya 2,000 na 2,500. Hiyo haifiki hata nusu ya hitaji letu, ingawa tangazo lake la kuvuta linavutia. Daraja la 3500 au F-350 lenye tairi moja kila upande nyuma hufika takriban 3,500 hadi 4,300. Lenye tairi pacha nyuma, yaani matairi sita kwa jumla, ndilo huanza kufika 5,000 hadi 6,000, nalo kwa masharti ya kutolijaza anasa. Kwa trela la mfano wetu, tairi pacha si fahari. Bila hizo huwezi.

Usidanganywe na springi za upepo. Mifuko ya upepo huinua mkia wa gari ukakaa sawa, lakini haibadilishi ekseli, breki, matairi wala stika. Gari linaonekana halijazidiwa, huku limezidiwa vilevile.

### Dizeli au petroli

Injini ya dizeli ni nzito, hivyo hupunguza uwezo wa kubeba. Faida yake ni nguvu ya mzunguko wa chini na breki ya ekzosi, inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo. Kwa trela la paundi 18,000 milimani, breki hiyo peke yake inatosha kuamua. Mteremko mrefu kama wa barabara kuu ya I-70 kutoka kwenye handaki la Eisenhower, Colorado, lililo zaidi ya futi 11,000 juu ya usawa wa bahari, huchemsha breki za asiyejua kushuka kwa gia. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban 3% ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kama safari zako ni Texas tambarare na trela lako ni la paundi 12,000, petroli inatosha na itakupunguzia gharama.

Kagua pia uwiano wa difu. Namba kubwa, kama 4.10, huvuta kwa urahisi zaidi kuliko 3.55, na hunywa mafuta zaidi ukiwa huna trela.

Umefaulu ikiwa namba zote nne zimepita: stika ya kubeba, GAWR ya ekseli ya nyuma, GCWR, na kikomo cha matairi. Moja ikikataa, pikapu hiyo si ya trela hilo.

## Hatua ya 6: Bodi na kiungio

Bodi ya futi 8 ndiyo isiyo na maswali. Ya futi 6 na nusu inafanya kazi kwa kupima vizuri, au kwa kiungio kinachoteleza nyuma wakati wa kona kali. Ya futi 5 na nusu, achana nayo.

Sababu ni kona. Trela lina upana wa hadi inchi 102, nusu yake ni 51. Ukirudi nyuma kwa kukunja hadi nyuzi 90, kona ya pua huelekea kwenye kioo cha nyuma cha kabini. Pima kutoka kingpini hadi kona ya pua, kisha pima kutoka katikati ya kiungio hadi kabini. Cha pili kikiwa kifupi, kioo kitavunjika siku ya kwanza utakapoingia kwenye kambi yenye miti. Matrela mengi ya sasa yamekatwa kona za pua, hivyo pima lenyewe.

Kiungio kiwe na kikomo kinachozidi GVWR ya trela. Kwa 18,500, chukua cha 20,000 au zaidi. Kikae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kamwe si nyuma yake, maana hapo magurudumu ya mbele yatapungua uzito na usukani utakuwa mwepesi.

Mwisho, trela likae sawa na bado pawe na inchi 6 kati ya tumbo la pua na kingo za bodi. Pikapu mpya zimenyanyuka sana. Ukilazimisha trela linaloelekea juu, ekseli yake ya nyuma hubeba zaidi ya wenzake na matairi yake huisha mapema.

## Hatua ya 7: Leseni na bima, kabla ya kulipa

Pikapu na trela la mfano wetu vinapita paundi 26,000 kwa pamoja. Kwa matembezi ya familia leseni ya kibiashara kwa kawaida haihitajiki, lakini majimbo kadhaa yana leseni yao isiyo ya kibiashara. California hutaka daraja A lisilo la kibiashara kwa fifthwili la zaidi ya paundi 15,000. Texas hutaka daraja A lisilo la kibiashara pikapu na trela vikipita 26,000, trela lenyewe likiwa zaidi ya 10,000. British Columbia hutaka idhini ya ziada kwa trela la matembezi la zaidi ya kilo 4,600.

Ukiligeuza gereji kuwa jiko la kuuzia mishikaki na chapati kwenye matamasha, hesabu inabadilika. Hiyo ni biashara, na bima ya matembezi inaweza kukataa kulipa.

## Hatua ya 8: Kagua trela, hasa la mitumba

Anza juu. Panda ngazi, kagua gundi ya viungo vya paa. Maji yakiingia hushukia ukutani, na ukuta huvimba. Simama kwenye kona, angaza tochi sambamba na ukuta: uvimbe utaonyesha kivuli.

Ndani ya gereji, kanyaga kando ya mlango na pembezoni. Sakafu inayobonyea imeoza, kwa kawaida kwa sababu mpira wa mlango wa rampu umechoka.

Nenda kwenye pua. Angalia pale ukuta unapokutana na sehemu iliyoinuka, na maungio ya chuma nyuma ya kingpini. Ufa, rangi iliyokatika au pengo linalofunguka unaposhusha miguu ya trela ni dalili ya fremu kuchoka. Hapo ondoka, usipunguziwe bei.

Umri wa matairi usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakipita miaka mitano au sita, weka bei ya matairi mapya kwenye mazungumzo, hata kama kashata zake zimejaa. Haya husimama juani miezi mingi, na mpira huzeeka bila kutembea. Yameisha upande wa ndani tu? Huenda ekseli imepinda.

Washa jenereta na viyoyozi vyote kwa nusu saa. Jenereta lisilobebeshwa mzigo halisemi lolote kuhusu afya yake. Toa slaidi zote, ziingize tena, ukisikiliza.

## Hatua ya 9: Kuunganisha na kuseti breki

1. Shusha lango la bodi. Linasikika kama jambo la mtoto, lakini malango yaliyopondwa ni mengi.
2. Rudi nyuma hadi kingpini iingie kwenye taya za kiungio. Pua iwe chini kidogo kiasi cha kuinuliwa na kiungio. Ikiwa juu sana, pini huegemea juu ya taya bila kufungwa.
3. Chungulia kwa tochi: taya zimefunga shingo ya pini, siyo sahani yake.
4. Chomeka waya wa pini 7 na kebo ya breki ya dharura. Kebo ifungwe kwenye bodi au kwenye fremu, isifungwe kwenye kiungio kinachoweza kung'oka.
5. Miguu ya trela ikiwa bado inagusa ardhi, bana breki za trela kwa lever yake iliyo kabini na jaribu kwenda mbele taratibu. Pikapu ikigoma, umeungana. Ukikunja miguu kwanza na taya hazijafunga, trela litaangukia kingo za bodi.
6. Kunja miguu, kagua taa, funga lango.

Kuseti breki: tafuta uwanja mkavu, tambarare. Kwa mwendo wa maili 20 hadi 25, bana lever ya breki za trela peke yake. Ongeza nguvu hadi magurudumu yakaribie kukwama, kisha rudisha kidogo. Trela likikusukuma, nguvu ni ndogo. Likikuvuta nyuma kwa mshtuko, ni kubwa.

Kaza nati za magurudumu kwa spana ya toki kabla ya kuondoka, kisha tena baada ya maili 10, 25 na 50. Jaza upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa psi ya stika ya trela.

Kwenye gereji, kila chombo kifungwe mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu na siyo kwenye plastiki. Ingiza kizito kwanza, kisogee mbele karibu na ekseli. Funga koki za petroli za pikipiki. Na kabla ya kupakia chombo chenye petroli, zima jokofu, jiko na hita zote za gesi, fungua matundu ya hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, huku cheche ya hita ikiwa palepale chini. Tazama pia tarehe nyuma ya kitambuzi cha gesi inayovuja, kwani huisha muda wake.

## Hatua ya 10: Mizani

Pima mara tatu. Mizani ya CAT ina sahani tatu: ya ekseli ya mbele, ya nyuma ya pikapu, na ya trela.

Kipimo A, kila kitu kimepakiwa: mbele 5,100, nyuma 7,650, trela 14,150.

Kipimo B, pikapu peke yake, watu walewale ndani: mbele 5,050, nyuma 4,250. Jumla 9,300.

Uzito wa pini ni A ya pikapu kutoa B: 12,750 − 9,300 = 3,450. Uzito wa trela ni 14,150 + 3,450 = 17,600. Pini ni 19.6%. Salama, na trela liko chini ya 18,500.

Kipimo C, siku nyingine, bagi na pikipiki zimebaki nyumbani, maji yamejaa: pikapu 13,150, trela 11,350. Pini sasa ni 13,150 − 9,300 = 3,850, yaani 25.3% ya trela la paundi 15,200.

Linganisha A na C. Trela limepungua paundi 2,400, pikapu imeongezewa 400. Asiyepima C anaamini safari nyepesi ni nyepesi kwa kila kitu. Pikapu yenye GVWR ya 14,000 inavumilia zote mbili. Yenye 12,400 ingekuwa imezidiwa kwenye A, na zaidi kwenye C.

Namba zikigoma, anza na kilicho rahisi:

- Pini nzito mno gereji ikiwa tupu: punguza maji kama tangi liko mbele, hamishia zana na vyakula vya makopo nyuma.
- Pini nyepesi, chini ya 15%: sogeza bagi mbele, hamisha madumu na jenereta kutoka mlangoni, jaza tangi la mbele.
- Ekseli ya nyuma ya pikapu imepita GAWR: toa vitu kwenye bodi kwanza. Ikiwa bado, pikapu ni ndogo.
- Trela limepita GVWR: hakuna pa kuhamishia. Kitu kimoja kinabaki nyumbani.

Bandika namba za A na C ndani ya mlango wa kabati la jikoni la trela. Ukiongeza betri, friji ya pili au bagi jipya, rudi mizani.